Hoja yako inavuja wapi? Njooni tuizamishe kwenye karai

#1 FundiKarai

Assalaam aleikum wakuu, na kwa wengine wote habari za asubuhi.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga mjini, mwaka wa 22 huu. Kilichonileta ni kisa cha juzi Alhamisi. Alikuja mteja wangu mmoja, muuza samaki, baiskeli anaikokota, uso kaukunja. Jumatano nilimzibia pancha gurudumu la nyuma, akanipa 500 yangu akaenda zake. Sasa tairi liko chini tena. Akaniambia mbele ya watu: "Jana umeziba, leo upepo umetoka. Kwa hiyo kiraka chako kibovu."

Pembeni yangu kuna muuza kahawa, na wazee wake hawakosekani. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Na kwa kweli ukiisikiliza harakaharaka hoja ile inapita.

Sikumjibu. Nikafungua tairi, nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye karai la maji. Kiraka changu kimya, hakitoi hata tone la povu. Mapovu yanatoka vidole viwili pembeni yake, tobo jipya. Nikamwonyesha. Wazee wakageuza vichwa vilevile upande wangu, wakacheka. Akalipa 500 nyingine, akapanda, hakuaga.

Usiku nikalifikiria lile jambo. Yule bwana hakusema uongo hata kidogo. Jana niliziba, kweli. Leo upepo umetoka, kweli. Kilichomwangusha ni neno la tatu ambalo hakulitamka, na nadhani hata mwenyewe hakujua kama analo: kwamba upepo umetokea palepale pa jana. Neno hilo alilimeza. Na sisi tuliomsikiliza tukalimeza naye, ndiyo maana vichwa vikatikisika.

Kijana wangu yuko chuo, nikampigia kumsimulia. Akaniambia baba hicho kitu kina jina, ni dhana iliyofichika, na Wagiriki waliita enthimema hoja ya namna hiyo, iliyoachiwa kipande. Aristotle aliieleza zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mfano wake ni wa mwanariadha aliyeitwa Dorieus: ukitaka watu wajue kwamba ameshinda mashindano yenye zawadi ya taji, sema tu ameshinda Olimpia, inatosha. Huna haja ya kuongeza kwamba Olimpia zawadi yake ni taji, maana kila mtu anajua. Msikilizaji anajaziliza mwenyewe.

Kwa hiyo kumeza si dhambi. Mtu atakayetamka kila kitu hatamaliza hata kununua fungu la mchicha. Shida ni pale msikilizaji anapojaziliza kitu ambacho si kweli, tena bila kujua kwamba yeye ndiye aliyekitia.

Namna ninavyofanya mimi, tangu kabla sijajua jina lake, ni hivi. Mtu akizungumza nasubiri "kwa hiyo" yake. Wengine husema "basi", wengine "ndiyo maana", wengine "lazima". Hapo ndipo pa kutega sikio, kwa sababu anaruka kutoka jambo moja kwenda jingine, na mimi nataka kujua amekanyaga nini katikati. Nikishalikisia neno alilomeza, nalikanusha. Nageuza: "upepo HAUKUTOKEA palepale pa jana." Halafu naitazama hoja yake. Ikianguka, ndilo. Isipotikisika, basi hakulihitaji, nimemsingizia.

Mfano wa pili, huu uliniokolea pesa. Dalali mmoja alinifuata: "Fundi, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kule Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapa kwetu Tanga. Kwa hiyo ardhi ya kule itapanda. Chukua kiwanja sasa." Bomba ni kweli, mwisho wake Chongoleani ni kweli. Lakini kameza kwamba bei anayonitajia bado haijaingiziwa hilo bomba ndani yake. Kanusha: bei hii IMESHAPANDA kwa sababu ya bomba. Hoja inalala chali, nitakuwa nimenunua faida ambayo mwenzangu ameshaila. Na kameza jingine, kwamba kiwanja ni cha mtu anayemtuma kuuza. Nilimwuliza la pili tu. Akasema atanipigia, na mpaka leo simu yake sijaisikia.

Leteni zenu tuzizamishe.

#2 Kijiwe_Chuda

Siti ya mbele kabisa. Humu tumezoea mapovu ya matusi, leo tumeletewa mapovu ya karai. Shusha mkuu.

#3 MjukuuWaPangani

Uzi mzuri. Mimi nikijitambulisha popote natokea Pangani, mtu wa kwanza anasema, "Ah, wewe Mpangani, kwa hiyo kuogelea unajua." Neno lililomezwa: Wapangani wote, bila kubakiza mtu, wanajua kuogelea. Na ni uongo, kwa sababu mimi hapa ni Mpangani na kuogelea sijui. Mto nauvuka kwa kivuko macho nimefumba.

#4 MwalimuMstaafu

Mjukuu wangu, umenichekesha, lakini hapo umemwonea aliyekuambia. Fundi amesema kweli bila kulifafanua, niruhusuni nilifafanue.

Kuna neno linalotosha na kuna neno linalohitajika. "Wapangani wote wanajua kuogelea" linatosha kuifikisha ile hoja mwisho wake. Swali ni kama msemaji alilihitaji. Tufanye alivyotufundisha fundi, tukanushe: si Wapangani wote wanaojua. Maana yake yupo angalau mmoja asiyejua. Je, msemaji kaanguka? Hapana. Atakuambia, "Najua wapo wasiojua, lakini wengi wanajua, nami nilikisia." Anasimama bado. Alichohitaji ni kidogo sana, kwamba mtu aliyekulia mtoni na baharini ana nafasi kubwa zaidi ya kujua kuogelea kuliko wa pengine. Hilo ndilo ukilikanusha linamwangusha.

Nilifundisha sekondari miaka mingi na hili lilikuwa kosa la kwanza la wanafunzi wangu wenye akili. Wazito hawalioni neno lililomezwa. Wepesi wanaliona, lakini wanalikuza. Wanamvisha mtu kanzu ya baba yake halafu wanamcheka kwamba inaburuza. Mkiwa mnatafuta dhana ya mwenzenu, tafuteni ile ndogo kabisa inayomtosha kusimama. Akianguka na hiyo, ameanguka kweli.

#5 MjukuuWaPangani

Nimekubali mwalimu. Basi alikisia, akakosea. Kuogelea bado sijui.

#6 MdigoHalisi

Nyinyi mnacheza na mipira ya baiskeli wakati mambo makubwa yapo hapa nyumbani. Mapango ya Amboni yanatokea Kilimanjaro. Mnajua kisa cha yule mbwa wa Wazungu? Aliingia pangoni akapotea, baadaye akaonekana upande wa Kilimanjaro. Kwa hiyo njia ipo chini kwa chini. Haya fundi, izamishe hiyo.

#7 FundiKarai

MdigoHalisi ami yangu, kisa hicho nimekulia nacho, marehemu babu alikuwa akikisimulia na sauti anaishusha. Lakini umeniambia nizamishe.

Tuchukulie ni kweli mbwa aliingia na ni kweli mbwa alionekana. Bado umemeza kwamba ni mbwa yuleyule. Umemeza kwamba hakutoka kwenye tundu jingine la pango akaenda kwa miguu juu ya ardhi kama mbwa wengine. Umemeza pia kwamba hakuna aliyembeba. Kanusha hili la kati peke yake, sema mbwa ALITOKEA tundu la nyuma akatembea, halafu niambie njia ya chini iko wapi.

Halafu tazama ramani. Kutoka Amboni, kilomita kama nane tu kutoka mjini, mpaka mlima wenyewe, hata ukichora mstari ulionyooka unakaribia kilomita 300. Mwaka 1994 walikuja wapimaji wa Kijerumani na Kituruki, wakapima mapango kumi. Refu kuliko yote lilikuwa na mita 900.

#8 MdigoHalisi

Walipima waliyoyaona. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

#9 MwalimuMstaafu

Bwana Mdigo hapo kwanza umepata, tena vizuri. "Walipima wakapata mita 900, kwa hiyo hakuna refu zaidi" imemeza kwamba walifika kila mahali. Pointi yako.

Lakini hiyo methali uliyoileta haiwezi kuzamishwa kwa sababu haina tyubu. Likiwepo, limethibitika. Lisipokuwepo, laja. Niambie ni jambo gani lingetokea Amboni wewe ukasema "kumbe halikuwepo". Kama halipo hata moja, basi hujatuletea hoja, umetuletea pambo. Nami methali nazipenda, msinielewe vibaya.

#10 BintiWaMakorora

Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika.

Niliolewa, mwaka wa tatu ukafika hatujapata mtoto. Mama mkwe akaanza kwa mafumbo, mwisho akasema wazi, siku ya shughuli, wanawake wamejaa uani: "Miaka mitatu hakuna kitu. Kwa hiyo huyu ana tatizo." Nimeshakunywa dawa za miti mpaka ulimi ukakosa ladha, nimepelekwa kwa huyu na kwa yule. Mwaka mzima. Na mimi mwenyewe niliamini. Hapo ndipo ninapotaka kufika. Sikuwa nalipinga lile neno lililomezwa, nilikuwa nimelimeza pamoja nao.

Hospitali daktari aliniuliza swali moja, hata hajanipima: "Mumeo amepimwa?" Nikabaki namtazama. Hakuna mtu katika nyumba nzima, mimi mwenyewe nikiwemo, aliyewahi kuuliza.

Sitaeleza majibu, hayawahusu. Nimesema tu kwa sababu fundi anaandika kama vile kazi ni kumkamata mwingine.

#11 Kijiwe_Chuda

Da, pole sana dada yangu. Nimefunga mdomo.

#12 FundiKarai

Pole sana dada. Umenisahihisha, na nakubali. Nilijisifu kwa kuwa nilimkamata mteja. Haya yako ni magumu zaidi, kujizamisha mwenyewe.

Na nimeona kitu kingine kwenye kisa chako. Neno walilolimeza haliko peke yake. Chini yake kuna jingine ambalo halihusu upi ni ukweli, linahusu lipi lina thamani: kwamba ndoa isiyo na mtoto miaka mitatu ni kesi inayohitaji mshtakiwa. Hilo huwezi kulipeleka maabara. Yule mama angethibitishiwa mambo yote ya hospitali, bado angebaki nalo. Huku kwetu ukimsikia mtu anasema "msichana akisoma sana atachelewa kuolewa, kwa hiyo asiendelee", watu wanakimbilia kubishana kama kweli atachelewa. Wachache wanauliza nani kasema kuwahi kuolewa ndiko kunakopimwa hapa.

#13 MwalimuMstaafu

Binti yangu, umesema neno ambalo mimi nimelizunguka miaka darasani bila kulitamka. Dhana mbaya kuliko zote ni ile ambayo pande zote mbili zimeimeza, maana hapo hakuna wa kuuliza. Nilifundisha historia, nipeni nafasi kidogo.

Vita vya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walikuja kwa meli na askari takriban 8,000, wengi wao kutoka India. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa takriban 1,000, wengi askari wa Kiafrika. Tarehe 4 wakapigana, na katikati ya risasi nyuki wakachafukwa wakatoka kwenye mizinga yao. Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli zao wakaondoka. Ufukweni waliacha bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000.

Baadaye zikavuma habari kwamba nyuki walikuwa mtego. Hoja yenyewe: nyuki waliwauma Waingereza, Waingereza wakashindwa, kwa hiyo Wajerumani waliwatega. Neno lililomezwa linaonekana upesi, kwamba nyuki waliwachagua Waingereza peke yao. Sivyo. Waliuma huku na huku, na wapiga rashasha wa Kijerumani nao walikiona.

Wanafunzi wangu walikuwa wakiishia hapo, wanafurahi. Mimi nawaambia bado. Tazameni, mmoja anasema nyuki walitegwa, mwingine anasema hawakutegwa, na wote wawili wamekwisha kukubaliana bila kusemezana kwamba kushindwa kule kunaelezwa na nyuki. Kanusheni hilo. Waondoeni nyuki wote kwenye kisa. Kinabaki nini? Tarehe 2 manowari ya Waingereza, Fox, inatangulia bandarini na kutoa onyo kabla askari hawajashuka. Lettow-Vorbeck anapata muda wa kuleta watu wake kwa gari moshi kutoka Moshi. Waingereza hawajapeleleza mji vya kutosha, na askari wao wamechoshwa na safari ndefu ya bahari. Bila nyuki hata mmoja, siku yao ilikuwa mbaya tayari. Lakini ni nani atakayesimulia ratiba ya treni wakati ana nyuki?

#14 MtuWaJarife

Wa Kigombe hapa, baharini ndiko ninakokula. Mwalimu amenikumbusha silikanti.

Wataalamu walikuwa na hoja yao, na haikuwa ya kijinga. Mabaki ya samaki huyu kwenye mawe yanakoma kama miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo alikwisha kutoweka. Desemba 1938 akatoka mmoja kwenye nyavu karibu na East London, Afrika Kusini, mzima wa mwili. Neno walilolimeza: kama angekuwepo, tungeyaona mabaki yake. Lakini samaki wa miamba ya kina kirefu mabaki yake yatakuwa wapi, na nani atakwenda kuchimba huko?

Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Sasa sikilizeni. Wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua. Wanamwita gombessa, walikuwa wanamvua mara mojamoja, nyama yake hawaisifii. Kwa hiyo kulikuwa na neno jingine limemezwa, kubwa kuliko la kwanza: kwamba kisichojulikana na msomi hakijulikani. Hilo mpaka leo watu wanalimeza, tena na maji juu.

Kwetu Tanga alianza kunaswa miaka ya mwanzo ya 2000 kwenye majarife ya kina, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Siku hizi kuna watu wanasema, "Silikanti anapatikana Tanga, kwa hiyo Tanga wako wengi." Nacheka tu. Kunaswa sana kunaweza kuwa ni wingi wa samaki, na kunaweza kuwa ni wingi wa nyavu.

#15 Kijiwe_Chuda

"Wingi wa samaki au wingi wa nyavu." Hiyo naiandika kwenye ukuta wa kijiwe. Polisi wakikamata wezi wengi mtaa fulani, wezi wameongezeka au doria imeongezeka?

#16 PwaniNjema_Bagamoyo

Na sisi Bagamoyo tuwe kwenye uzi. Kila mgeni anaambiwa jina ni "bwaga moyo", basi papo hapo anasikia: mtumwa aliuacha moyo wake hapa kabla ya kupakiwa. Utumwa ulikuwepo, hilo halibishaniwi. Lakini kutoka kwenye jina mpaka kwenye hiyo tafsiri kuna neno limemezwa, kwamba aliyelitamka alikuwa mtumwa. Wapagazi nao walikuwa wanafika hapa kwa maelfu, mizigo begani, miezi njiani kutoka bara. Mpagazi akisema "bwaga moyo" amefika, anatua mzigo, anapumua. Neno lilelile. Wengine wanasoma hivyo, na jina peke yake haliwezi kuwaamulia ugomvi.

#17 BadoNasubiri

Mnafurahia lakini nina pingamizi. Kwa mtindo huu hatutaamini kitu. Kila hoja ina maneno yaliyomezwa, na ukilitoa hilo moja, lenyewe nalo limemeza mengine. Nikisema "mvua imenyesha Muheza, barabara itateleza" utaniambia nimemeza kwamba barabara haijaezekwa bati. Huo ni ubishi wa vijana wasio na kazi. Halafu jaribuni kumfanyia hivyo mzee barazani muone.

#18 FundiKarai

Mkuu pingamizi lako zito na nimelikalia tangu adhuhuri.

La kwanza. Tyubu nzima ni mahali panapoweza kutoboka, lakini siibandiki viraka mwili mzima. Nazamisha, natazama mapovu. Kwa hiyo siulizi kila kilichomezwa. Nauliza kile ambacho kikikanushwa hoja inaanguka, na wakati huohuo nina sababu ya kukitilia shaka. Viwe vyote viwili. Barabara ya Muheza kutokuezekwa bati, ukikikanusha hoja inaanguka, sawa, lakini nani ana shaka nacho? Kipite. Kwamba upepo umetokea palepale, hoja inaanguka, na shaka ipo, kwa sababu barabara zetu zina miiba na misumari kila hatua. Hicho nakiuliza.

La pili, la wazee, umenigusa. Nimekosea hapo zamani. Mzee mmoja wa kahawa alisema jambo, nikamwambia "mzee hiyo haifuati". Kimya kikaingia, kashata ikawa chungu. Siku hizi nasema, "Mzee, nisaidie hapa niunganishe, kutoka hili mpaka lile tumepitia wapi?" Mara nyingi anaanza kunielezea, akifika katikati analiona mwenyewe, ananyamaza kidogo, anaagiza kahawa. Hakuna aliyeshindwa. Na mara nyingine ananionyesha kwamba daraja lipo, mimi ndiye nilikuwa sijaliona. Hili limenitokea zaidi ya nilivyopenda.

#19 MwalimuMstaafu

Hilo la mwisho ndilo la muhimu. Mwingereza mmoja, Stephen Toulmin, mwaka 1958 alilipa hilo daraja nafasi yake kabisa katika kuichora hoja: una ushahidi, una dai, na una kibali kinachokuruhusu kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Mtu akikuuliza kibali hajakutukana. Dereva mwenye leseni haogopi kusimamishwa.

#20 Kijiwe_Chuda

Mwalimu, hapo umemeza kwamba trafiki anataka leseni tu.

#21 MwalimuMstaafu

Nimezama.

#22 BintiWaMakorora

Nimerudi. Fundi, naomba nikuzamishe wewe, kwa heshima.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi baiskeli pia. Nikitoka shule nakaa kwenye kibao namshikia koleo. Kwenye uzi wako umesema: mapovu yalitoka pembeni, kwa hiyo kiraka kizima, kwa hiyo mteja hakuwa na kesi. Kiraka kizima, nakubali. Lakini kutoka hapo mpaka "mteja hana kesi" umemeza kitu. Umemeza kwamba tobo la pili halikutokana na kazi yako.

Umesema lilikuwa vidole viwili tu kutoka kwenye kiraka. Vidole viwili! Tyubu ukiirudisha haikai palepale, inasogea kidogo. Kama mwiba wa Jumatano ulibaki umechoma kwenye tairi, Alhamisi ungetoboa wapi? Baba alikuwa hafungi tairi mpaka apitishe kidole ndani yake, mzunguko mzima, polepole, na mara nyingine kidole kinatoka na damu. Jumatano ulipitisha?

Na huyo bwana naye kakosa kwa sababu yeye na wewe mmekubaliana bila kusemezana kwamba kazi ya fundi ni kiraka. Mmegombania kiraka, mwiba hakuna aliyeutaja.

#23 MtuWaJarife

Mapovu hayo.

#24 MdigoHalisi

Hahaha! Fundi, mbwa katokea Kilimanjaro.

#25 FundiKarai

Nimekaa nimeukumbuka mchana wa Jumatano vizuri. Mvua ilikuwa inataka kunyesha, nilikuwa na baiskeli nne zimepangwa. Sikupitisha kidole. Na Alhamisi, nilivyokuwa nimeshughulika kuwaonyesha wazee karai, sikupitisha pia. Nimeziba tobo la pili, nikafunga, nikapokea 500.

Yule bwana hupita hapa kila siku baada ya Alfajiri kwenda soko la Deep Sea kuchukua samaki. Jana Ijumaa hakupita. Nilijiambia ana hasira, kwa hiyo kabadilisha njia. Leo Jumamosi hakupita. Sasa najua nimemeza nini hapo, kwamba baiskeli yake inatembea.

Dada, Mungu amrehemu baba yako. Kesho alfajiri nakwenda Deep Sea mwenyewe, na koleo, na 1,000 yake.

#26 Kijiwe_Chuda

Na karai, fundi. Usisahau karai.